Kalehe: Msaada usiouliza habari ya ardhi unarudisha watu mtoni

Siku ya nne tarehe 4 mwezi wa tano 2023 ilikuwa siku ya soko kule Nyamukubi. Mvua kubwa ilinyesha juu ya milima ya Kalehe, mito ikashuka na mawe, miti na matope, ikafagia Bushushu na Nyamukubi mpaka ziwani. Watu zaidi ya 400 walikufa. Wengine wengi hawakuonekana tena, na jamaa zao walifanya kilio bila maiti. Vijana wa Msalaba Mwekundu pamoja na wakaaji wenyewe walichimba makaburi, wakazika miili mingi ndani ya shimo moja. Tarehe 8 ikawa siku ya maombolezo kwa nchi nzima.

Hayo wasomaji wetu wanayajua. Yanayosahauliwa ni yale ya mwezi wa kumi 2014. Katika teritwari ile ile ya Kalehe, pembeni ya ziwa lile lile, mvua ilibomoa nyumba zaidi ya 700 na watu zaidi ya 130 walihesabiwa kuwa wamepotea, kadiri ya Umoja wa Mataifa. Kati ya misiba hii miwili kuna miaka minane na nusu. Mtoto aliyezaliwa wakati wa ule wa kwanza alikuwa amekwisha kuanza shule ya msingi wakati wa ule wa pili.

Itakuwa uongo kusema kwamba hakuna aliyesaidia. Unga, maharagi, mafuta, blanketi, sufuria, shiti za kujengea vibanda: vitu vilifika, hata kama havikutosha. Makanisa yalifungua milango, na familia nyingi zilipokea wageni katika nyumba ambazo zenyewe zilikuwa ndogo. Kwa hiyo swali letu leo haliko juu ya kufika kwa msaada. Tunauliza ni msaada wa namna gani, na kwa nini mtu akiisha kuupokea anajikuta amerudi pale pale mto unapopita.

Kila mtu aliyekaa katika Kivu anajua namna kazi hii inavyofanyika. Msiba unatokea. Chifu wa kijiji na kamati yake wanaandika majina. Wafanyakazi wa shirika wanakuja kuhakikisha: jina la mkubwa wa nyumba, idadi ya watu, watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee, wenye ulemavu. Jeton inatolewa. Siku ya kugawa kuna foleni, jua kali, picha, kisha gari linarudi Bukavu ao Goma mbele ya jioni kwa sababu ya usalama wa barabara. Ripoti inaandikwa kwamba familia kadhaa zimesaidiwa.

Hatudharau kazi hiyo. Mwenye njaa hawezi kungoja mkutano juu ya ardhi, na vijana wanaobeba magunia wakati wa mvua wanastahili heshima kuliko wengi wanaopigwa picha pamoja nao. Lakini soma ile fomu vizuri. Inajua una watoto wangapi. Haiulizi ardhi uliyokuwa unakalia ni ya nani, ulikuwa unailipia nini, wala kama una mahali pengine pa kulima ukikatazwa kurudi. Mtu ambaye shida yake ya kweli ni kukosa ardhi salama anatoka pale na sufuria mbili na blanketi, anakwenda kujenga tena kandokando ya mto.

Wakubwa wengi, msiba ukitokea, wanasema watu wamejenga ovyo. Neno hilo “ovyo” linaficha mambo mengi. Bushushu na Nyamukubi ziko pembeni ya ziwa, mahali mito inapoingia. Udongo unaoletwa na mito ni mzuri. Barabara ya taifa namba 2, inayounga Bukavu na Goma, inapita upande huo wa ziwa. Mitumbwi inafika, sambaza zinapatikana, soko linakutanisha watu wa milimani na watu wa majini. Maskini anayechagua kukaa pale hajakosa akili. Amepima njaa ya kila siku na mto unaokasirika mara moja kwa miaka kadhaa, akaona njaa ndiyo iko karibu.

Tena, mahali pengine pako wapi? Tazama juu, kwenye vilima. Wakati wa ukoloni, Comité National du Kivu, iliyoundwa 1928, iligawia walowezi wazungu mashamba makubwa katika Kivu yote, ya kahawa, ya kinkina, ya chai. Uhuru haukuyarudisha kwa wakaaji. Tarehe 30 mwezi wa kumi na moja 1973, Mobutu alitangaza zairianisation, na mashamba mengi yakaingia mikononi mwa watu waliokuwa karibu na utawala. Miezi michache mbele ya hapo, sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973 ilikuwa imesema udongo wote ni mali ya Serikali. Kwa ardhi inayokaliwa na jamii za vijijini, kifungu cha 389 cha sheria hiyo kiliahidi kwamba amri ya Rais ingekuja kupanga haki zao. Kuna wazee waliozaa, wakazeeka na kufa wakiingoja amri hiyo. Na Kalehe ni mojawapo ya teritwari ambako ugomvi juu ya mashamba ya zamani haujawahi kuzimika: upande mmoja mtu mwenye cheti, upande mwingine wakulima wengi wasio na kipande cha karatasi, na katikati, wakati mwingine, ng'ombe wachache wanaotembea katika eneo ambalo lingelisha kijiji.

Chini ya sheria ya karatasi kuna desturi ya mababu. Katika Buhavu kama katika Bushi, aliyetoa kalinzi kwa mwami ao kwa mkubwa wa kilima, zamani ng'ombe, leo mara nyingi makuta, alipata haki ya kukaa na kurithisha watoto wake. Aliyekosa kalinzi anachukua bwasa: anapewa kipande kwa msimu ao kwa mwaka, anakilipia kwa kazi ya mikono ao kwa pesa, na mwenyewe anaweza kukirudisha wakati anapotaka. Mtu wa bwasa hana ruhusa ya kupanda kitu kinachodumu. Alime maharagi, alime viazi, lakini asipande mgomba, kahawa wala mti, kwa sababu kwa desturi mti ni alama ya mwenye ardhi. Kumbuka neno hilo, tutalirudia. Na kalinzi, kwa desturi, inapewa mwanaume. Mjane anabaki kwa huruma ya shemeji zake.

Sasa fikiri mama mmoja, tuseme mjane muuza sambaza, aliyepanga chumba karibu na soko na kulima kwa bwasa mwendo wa nusu saa kutoka pale. Mto umechukua chumba, mawe yamefunika shamba. Jirani yake mwenye kiwanja amepoteza vingi kuliko yeye, lakini ana kitu cha kudai: siku Serikali ikija kugawa viwanja vipya, majirani watashuhudia kwamba alikuwa na kiwanja. Mama huyu atashuhudiwa nini? Kwa macho ya orodha alikuwa na watoto wanne, basi. Hakuna cha kumrudishia kwa sababu hakuna kilichokuwa chake. Unga wa msaada ukiisha, atakwenda kwa yeyote atakayempangishia kwa bei anayoweza, na bei hiyo iko kandokando ya mto.

Watu wa namna yake si wachache. Ongeza waliokimbia vita kutoka milima ya juu wakakaa kwa jamaa pembeni ya ziwa. Ongeza vijana waliofuata kazi ya soko na ya mitumbwi. Wote hao hawana kalinzi, na msaada wa kawaida haujui tofauti kati yao na mwenye kiwanja. Hapo usawa wa kugawa, wote kupewa sufuria moja moja, unakuwa namna ya dhuluma.

Lawama ya pili ni ya miti. Ni kweli, milima ya Kalehe imebaki uchi, na mlima ulio uchi haushiki maji. Lakini nani anapika na miti hiyo? Magunia ya makala yanayopangwa kandokando ya barabara hayapikii Nyamukubi peke yake. Yanapanda malori na mitumbwi kwenda Bukavu na Goma, kwetu sisi tunaoandika na kusoma makala haya (msomaji atusamehe, lugha yetu imetoa neno moja kwa vitu viwili). Bukavu iko juu ya mto Ruzizi wenye mabwawa ya umeme, hata hivyo umeme wa SNEL unakatika maharagi yakiwa bado hayajaiva, basi kila nyumba inaweka gunia moja pembeni. Tunapikia mti wa Kalehe, kisha mvua ikishuka tunamwambia mtu wa Kalehe kwamba yeye ndiye aliyeharibu. Na vilima vya Nyabibwe na Numbi vinachimbwa kasiteriti na koltani toka miaka mingi. Faida yake inakwenda mbali sana na mahali shimo lilipochimbwa, udongo uliotolewa unabaki pale ukingojea mvua.

Mtu anayeletewa mche wa mti na kuambiwa apande ili kuokoa mazingira, mara nyingi ndiye yule wa bwasa. Desturi inamkataza kupanda mti. Akiupanda, mwenye ardhi ataona anataka kumnyanganya kilima, atamfukuza. Hii ndiyo sababu miche mingi inayogawiwa kwa sherehe, na bango na wimbo, inakaukia nyuma ya nyumba. Mradi wa miti usiogusa mkataba wa ardhi utahesabu miche, hautahesabu miti. Watu wa mazingira na watu wa huduma za jamii wamezoea kufanya kazi katika ofisi mbili zisizosalimiana. Kwa mkulima wa Kalehe mambo hayo mawili ni jambo moja.

Kuna dhuluma nyingine isiyoonekana upesi. Siku mbili baada ya msiba wa 2023, Antonio Guterres, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, ambaye alikuwa Burundi, alitaja mafuriko ya Rwanda na ya Kongo kuwa mfano mwingine wa mabadiliko ya tabianchi. Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walijaribu kuhakikisha jambo hilo kwa hesabu. Mwishoni mwa mwezi wa sita walitoa jibu: hawakuweza kusema, kwa sababu vipimo vya mvua katika eneo la Ziwa Kivu ni vichache mno. Kwa maneno ya sokoni: watu wamekufa kwa mamia, na hakuna daftari la kutosha la kuonyesha mvua iliyowaua ilikuwa ya namna gani kuliko mvua za baba zao.

Hilo si jambo la wataalamu tu. Mfuko wa kimataifa wa hasara na uharibifu ulikubaliwa Sharm el-Sheikh 2022, ukaanzishwa Dubai 2023, ili nchi zilizochafua hewa zisaidie zile zinazoumia. Kila mfuko wa namna hiyo unataka vithibitisho. Kinshasa inapenda kuiita Kongo “nchi-suluhisho” mbele ya wageni kwa sababu ya misitu yake, na mwezi wa saba 2022 ilifungua mnada wa vitalu vya petroli pamoja na vitalu vitatu vya gesi katika Ziwa Kivu. Gesi iliyo chini ya ziwa imepimwa, kila mtu anajua ina thamani. Mvua inayoshukia watu walio pembeni ya ziwa hilo hilo haipimwi ipasavyo. Chombo cha kupimia mvua si roketi: ni chupa yenye alama, uwanja wazi, na mtu anayesoma kila asubuhi na kuandika. Shule za Kalehe zina walimu, parokia zina makatekista, vituo vya afya vina wauguzi ambao tayari wanajaza madaftari kila siku. Kituo cha utafiti cha Lwiro kiko jirani, kule Kabare. METTELSAT, shirika la Serikali la hali ya hewa, ipo. Kinachokosekana ni mtu mmoja mwenye cheo wa kuunganisha hao wote, na simu ya kupigia vijiji vya chini wakati maji yameanza kujaa juu.

Katiba yetu ya 2006 haikuandika huruma, iliandika haki. Kifungu cha 48 kinahakikisha makao yanayofaa na maji ya kunywa. Kifungu cha 53 kinasema kila mtu ana haki ya mazingira mazuri yanayomwezesha kustawi, na kwamba Serikali inachunga mazingira na afya ya watu. Sheria ya tarehe 9 mwezi wa saba 2011 juu ya mazingira inatambua haki ya raia kupewa habari na kushiriki katika maamuzi. Tunajua namna sheria zinavyolala katika nchi hii. Lakini tumeona pia sheria inavyoweza kubadilisha maneno. Ile ya tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili 2022 ilitambua kwamba wahanga wa ubakaji wa vita na wa makosa makubwa dhidi ya binadamu wana haki ya kulipwa fidia, na FONAREV ikaundwa. Watu wanabishana juu ya namna pesa za FONAREV zinavyotumiwa, na ni vizuri wabishane. Hata hivyo yule mhanga anaingia ofisini kama mtu anayedai. Mhanga wa mto angali anaingia akinyoosha mkono.

Hapo ndipo tunageukia watu wa huduma za jamii wenyewe: wa idara ya Mambo ya Jamii, ile wengi wanaita DIVAS, wa Caritas, wa Msalaba Mwekundu, wa mashirika yetu ya hapa, hata wakubwa wa vikundi vya AVEC ambao mara nyingi wanajua shida za kijiji kuliko wote. Swali juu ya ardhi liingie ndani ya fomu toka siku ya kwanza: una kalinzi, una bwasa, umepanga, unakaa kwa ndugu? Halihitaji bajeti ya Kinshasa. Ni mstari mmoja wa kuandika, lakini mstari huo unabadilisha kazi yote inayofuata, kwa sababu shirika likiisha kujua kwamba nusu ya watu wake ni wa bwasa, haliwezi tena kuandika kwamba suluhisho ni mabati.

Kisha mfanyakazi wa jamii akae pamoja na wenye ardhi. Yako mashirika ya Bukavu yaliyozoea kazi hii, yanayokutanisha wenye mashamba, machifu na wakulima mpaka bwasa iandikwe mbele ya mashahidi, kwa miaka inayojulikana, na ruhusa ya kupanda miti mipakani. Ni kazi ya polepole. Haitoi picha nzuri. Inahitaji mtu atakayerudi mara kumi kunywa kasiksi na wazee wale wale, na wafadhili wengi wanataka mradi uishe kwa miezi sita. Ni wakati mashirika ya hapa yawaambie wafadhili hao ukweli badala ya kuandika kile wanachopenda kusoma.

Habari ya kuhamisha watu ilizungumzwa sana baada ya 2023, na hapa tunaomba tahadhari. Katika Kivu tunajua maana ya kuhamishwa kwa jina la mazingira. Hifadhi ya Kahuzi-Biega iliundwa 1970 na kupanuliwa 1975, Batwa wakatolewa msituni bila kupewa ardhi nyingine, na watoto wao wameishi kama wapangaji wa milele kwenye mashamba ya wengine. Kesi yao ilikwenda mpaka kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, ambayo katika uamuzi uliotangazwa 2024 iliwapa haki. Nusu karne ilipita. Kwa hiyo mtu asije na ramani kutoka Bukavu akasema kijiji kizima kipande kilima fulani. Muuza sambaza akipelekwa mwendo wa saa mbili kutoka ziwani, mabati ya nyumba yake mpya yatauzwa mbele ya mwaka kuisha, naye atakuwa amerudi. Wanawake wa soko wanajua maji yalipita wapi 2014 na yalipita wapi 2023, wanajua pia kilima gani kina chemchemi na njia fupi ya kufika ziwani. Waitwe mbele ya ramani kuchorwa. Wapangaji nao waitwe, si wenye viwanja peke yao.

Neno juu ya orodha, kwa sababu bila hilo yote haya ni maneno. Mwaka 2020, uchunguzi ulioagizwa na watu wa misaada wenyewe ulionyesha namna udanganyifu ulivyoota mizizi katika misaada hapa Kongo: majina ya uongo, jeton zinazouzwa, na ile watu wanaita “opération retour”, ambapo anayepokea analazimishwa kurudisha sehemu kwa yule aliyemwandika. Wanawake wengine waliombwa miili yao. Orodha inayoandikwa gizani ndiyo inayozaa mambo hayo. Isomwe kwa sauti mbele ya kijiji, ibandikwe kwenye mlango wa kanisa na wa shule, na awepo mtu wa kupokea malalamiko asiyekuwa ndugu ya chifu.

Tutaambiwa: kuna vita, mambo ya ardhi yangoje. Ni kweli, toka mwezi wa kwanza 2025 hali imegeuka. Minova, Nyabibwe, kisha Bukavu ziliingia mikononi mwa AFC/M23, na wakati ule ule Marekani ilisimamisha misaada yake, ambayo ilikuwa sehemu kubwa kuliko zote katika nchi yetu. Magari ya msaada yamepungua. Lakini mvua haikuomba ruhusa kwa mtu. Usiku wa tarehe 8 kuamkia tarehe 9 mwezi wa tano 2025, mafuriko yalipiga Kasaba, katika teritwari ya Fizi, pembeni ya Tanganyika, yakaua watu zaidi ya 60. Mbele ya hapo, mwezi wa ine 2020, mto Mulongwe ulibomoa sehemu kubwa ya Uvira, makumi ya maelfu ya watu wakakosa makao. Vita inafanya kazi hii kuwa ngumu zaidi, haiifanyi kuwa ya bure. Tena aliye na kizuizi barabarani na kukusanya kodi sokoni ana deni kwa watu wa soko hilo, bendera yake iwe ipi. Kodi ya siku ya soko Nyamukubi haiwezi kuwa na mwenyewe na mto wa Nyamukubi ukakosa mwenyewe.

Kazi moja inaweza kuanza wiki hii. Mahali fulani, katika makabati ya teritwari, ya DIVAS, ya Msalaba Mwekundu na ya mashirika, kuna orodha za wahanga wa 2014. Kuna pia zile za 2023. Zitolewe, ziwekwe juu ya meza moja, na kamati ya watu wa vijiji wenyewe ihesabu ni majina mangapi yanaonekana kwenye zote mbili. Kila jina litakaloonekana mara mbili ni la mtu aliyesaidiwa, akarudishwa mtoni, na kuandikwa tena. Tunaomba hesabu hiyo itangazwe mbele ya mvua za mwezi wa tisa.